Kikaragosi Kinachojimega: Kuonyesha Maumivu ya Moyo kwa Stopu Mosheni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza video fupi ya stopu mosheni inayobeba maumivu ya moyo kwa ishara. Stopu mosheni ni kukisogeza kitu kidogo kidogo na kukipiga picha kila mara, ili picha zikifuatana kionekane kinatembea chenyewe. Nitaanza na swali ambalo wengi huliruka: maumivu yapi? Aibu ya mtu aliyesemwa vibaya mbele za watu haifanani na upweke wa aliyefiwa. Na yote mawili yako mbali na uchovu wa yule anayemhudumia kila mtu huku hakuna anayemuuliza ameamkaje. Aibu utaiona shingoni, msiba utauona kwenye mikono iliyokuwa mizito. Lakini uchovu huu wa mwisho hujificha, kwa sababu mwenye nao anaendelea kutabasamu na kutoa. Huo ndio nitakaoutolea mfano leo, maana ndio mgumu kuuonyesha, na nadhani humu ndani kuna wanaoujua vizuri kuliko mimi.

Tukikaa kufikiria ishara, mawazo hukimbilia moyo wa karatasi uliochanika, mvua dirishani, barakoa yenye tabasamu. Mtazamaji ameshaziona mara nyingi mno. Anazitambua, anatikisa kichwa, anapita. Kinachomshika mtu ni kitu ambacho tabia yake inamfanya asubiri kuona kitatenda nini baadaye. Kwa hiyo chagueni kitu kimoja, mkipe kanuni moja, kisha muiheshimu kanuni hiyo bila huruma.

Mfano wangu ni kikaragosi cha plastisini, ule udongo laini wa kufinyanga, cha rangi moja. Wanaokizunguka wana nyufa: mmoja mkono umepasuka, mwingine ana tundu kifuani. Kila anapokuja mwenye ufa, kikaragosi chetu kinamega kipande cha mwili wake na kuziba. Kanuni ni hiyo tu. Hakuna maneno, hakuna machozi. Wale wanaondoka wakiwa wazima, na rangi yake imebaki juu yao kama kiraka, nacho kinazidi kupungua. Mtazamaji ataanza kupiga hesabu mwenyewe: kimebakiwa na vipande vingapi? Akishafika hapo, huhitaji kumweleza chochote.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, kwa sababu hapa ndipo stopu mosheni inapozidi njia nyingine. Mkipiga picha 12 kwa kila sekunde, dakika moja ni picha 720. Video ya dakika mbili ni picha 1,440, na kila moja mmekigusa kile kikaragosi. Alama za vidole vyenu zitabaki juu ya udongo, na zitakuwa zinatetemeka picha kwa picha. Wengi huzilainisha kwa bidii. Katika hadithi hii ningeziacha, maana huyu ni mtu anayeshikwashikwa na kila anayekuja. Mwaka 1933, katika filamu ya King Kong, manyoya ya kikaragosi cha sokwe yanaonekana yakicheza kwa sababu vidole vya wahuishaji, yaani waliokuwa wakikisogeza, viliyagusa kati ya picha na picha. Ilikuwa dosari ya kiufundi, lakini inampa mnyama yule uhai wa ajabu.

Yupo pia msanii wa Afrika Kusini, William Kentridge, ambaye tangu mwaka 1989 amekuwa akitengeneza filamu kwa michoro ya mkaa. Anachora, anapiga picha, anafuta sehemu, anachora tena juu ya karatasi ileile. Mkaa haufutiki wote. Kivuli cha kilichokuwepo kinabaki nyuma ya kilichopo. Sijui njia iliyo karibu zaidi na namna kumbukumbu chungu inavyokaa ndani ya mtu. Kama hadithi yenu ni ya kusahau, au ya kujaribu kusahau, achaneni na vikaragosi mchukue mkaa.

Nirudi kwa huyu wetu anayejimega. Kwa kuwa mwili unapungua kweli, pigeni matukio kwa mfuatano wake, la kwanza kwanza, la mwisho mwisho. Pimeni udongo kwenye mizani kabla ya kuanza na mwandike uzito kila tukio linapokwisha. Mkilazimika kurudia, mtajua mwili ulikuwa na kiasi gani. Ndani wekeni waya laini wa aluminiamu, uliosokotwa mara mbili ili usikatike upesi. Na waya huo utatufaa kwa namna nyingine: udongo ukishakonda, utachomoza begani. Uacheni uonekane. Hakuna kilio kitakachosema zaidi ya waya ule.

Kuhusu mwendo, vitu vyenye uzito haviondoki ghafla wala havisimami ghafla. Mkono unaponyanyuka, hatua za mwanzo ziwe ndogo, za katikati kubwa, za mwisho ndogo tena. Mwanzoni mwa video, kikaragosi kikiwa kizima, kumega kuchukue picha chache tu. Kinatoa bila kufikiri. Kadiri kinavyopungua, ongezeni picha kabla ya mkono kuondoka kifuani. Kusita kule kukiongezeka kidogo kidogo, mtazamaji atahisi gharama kabla hajajua kwa nini.

Na pumzi! Naomba mniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Kikaragosi kikiachwa bila kuguswa hata kwa sekunde mbili, kinakufa machoni pa mtu, kinarudi kuwa udongo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Chukueni 15: pumzi moja ni sekunde nne, yaani picha 48. Kifua kinapanda kwa unene wa kucha, kinashuka. Anayeumia hapumui hivyo. Anavuta upesi, anaizuia, kisha anaiachia kwa vipande. Ukiweza kuhuisha pumzi moja ya namna hiyo, unaweza kuondoa nusu ya matukio uliyokuwa umeyapanga.

Mambo ya kamera nitayapitia haraka. Ziba madirisha, kwa sababu jua linahama na mwanga utarukaruka. Funga fokasi, mwanga na rangi kwa mkono, kamera isijiamulie. Bandika miguu ya stendi ya kamera sakafuni kwa utepe wa gundi. Vaa nguo nyeusi isiyorudisha mwanga, na usimame mahali palepale kila unapobonyeza.

Kanuni tuliyoiheshimu tangu mwanzo lazima ivunjwe mara moja, si zaidi. Katika mfano wetu anakuja mgeni asiye na ufa, anamega udongo wake mwenyewe, wa rangi nyingine, na kuuweka begani pale waya ulipochomoza. Haurudishi umbo la zamani. Rangi hazilingani na zitabaki hivyo. Ningekatia hapo, kabla ya shangwe yoyote, kwa sababu ahadi ya kupona kabisa mtu aliye ndani ya maumivu haiamini, na ana haki.

Kuna jambo moja linanigusa sana. Ukitengeneza video ya jeraha lako mwenyewe, utakaa nalo chumbani, taa zikiwaka, siku baada ya siku, ukiliendesha kwa vidole. Wengine huona mzigo umepungua. Wengine huamka usiku. Awepo mtu anayejua unachokifanya na anayekuuliza hali. Na mzigo ukizidi, nenda kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, video itakusubiri. Kadhalika kwa watazamaji: usionyeshe namna ya mtu kujidhuru, hata kwa udongo. Ishara ina uwezo wa kufikisha uzito bila kufundisha njia.

Video ikishakamilika, usimuulize mtu wa kwanza kama ameelewa; akikosa jibu ataona haya. Muulize ni wapi alitaka kutazama pembeni. Akikutajia sekunde fulani, nenda kaitazame sekunde hiyo peke yako, bila sauti, kisha uamue kama uirefushe. Mezani hapa kuna plastisini na waya. Sogezeni viti, kila mmoja achukue kiasi cha kujaza kiganja, tuanze na ile pumzi ya picha 48.