Kitita cha Funguo: Mhadhara Kabla ya Kutazama Jibon Theke Neya

Karibuni. Walioko nyuma sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe. Sitawachosha, maana filamu yenyewe inapita saa mbili.

Ni ya Kibengali. Jina lake, Jibon Theke Neya, ni kama kusema "Yaliyotwaliwa Maishani". Aliiongoza Zahir Raihan, mwandishi wa riwaya, ikatoka Aprili 1970, Bangladesh ikiwa bado Pakistani ya Mashariki, chini ya wanajeshi. Mwaka uliotangulia watu walifurika barabarani mpaka rais, Jenerali Ayub Khan, akang'atuka, akamwachia kiti jenerali mwenzake, Yahya Khan. Sasa, kwa hali hiyo, mtawala utamsemaje?

Raihan aliingia ndani ya nyumba. Humo hamna rais wala bunge. Yupo dada mkubwa, ameigizwa na Rawshan Jamil, anayewapeleka puta mumewe na wadogo zake wawili wa kiume. Angalieni funguo. Katika nyumba za Kibengali bibi mwenye nyumba huzifunga kwenye ncha ya sari, akaitupa begani. Mwenye kitita ndiye mwenye kauli. Wale wadogo wanaoa, wake zao ni ndugu, na hapo ndipo funguo zinapoanza kugombewa. Mume wa yule dada, ameigizwa na Khan Ataur Rahman, ambaye ndiye pia aliyeutunga muziki, anapenda kuimba, na kuimba humo ni kosa. Wimbo wake unauliza: tundu hili, kama la ndege, nitalivunjaje? Punde kuta za nyumba zinabandikwa mabango ya madai, kama za barabarani.

Husemwa fumbo mfumbie mjinga. Hili hata mjinga alilifumbua, na nadhani ndivyo Raihan alivyotaka.

Lakini mimi kinachonirudisha kwenye filamu hii kila mara si fumbo. Ni pale kamera inapotoka nje. Ni 21 Februari, watu wanakwenda miguu peku, na maua, kwenye mnara wa waliopigwa risasi Dhaka mwaka 1952 wakidai Kibengali kiwe lugha ya taifa. Maandamano yale ni ya kweli. Waigizaji wameingia katikati ya watu waliokuja kuwakumbuka wafu wao, na ukizitazama zile nyuso huwezi kujua nani kalipwa na nani kaja mwenyewe.

Tena kuna Amar Sonar Bangla, wimbo wa mshairi wa Kibengali, Tagore, wa 1905. Mwaka 1967 serikali ilitaka nyimbo zake zipunguzwe redioni. Raihan akauweka kwenye filamu, uimbwe mbele ya umma. Bangladesh ilipozaliwa, ndio ukawa wimbo wa taifa.

Kasoro zipo. Mambo ya sumu na mahakama, huko mbele, yanavutwa mno kwa ladha yangu. Vumilieni.

Desemba 1971, siku mbili kabla ya vita vya uhuru wa Bangladesh kwisha, kaka yake Raihan, mwandishi Shahidullah Kaiser, alichukuliwa nyumbani kwake. Tarehe 30 Januari 1972 Raihan alikwenda Mirpur, pembeni mwa Dhaka, kumtafuta. Naye hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Haya, fundi, zima taa. Maswali tutayachukua baadaye.