Gereza Linalotaka Kumtengeneza Mwanamke

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, mama zangu na ndugu zangu mliohudhuria, asalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nitaanza na neno lenyewe, kwa kuwa lina asili yake hapa kwetu. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba "gereza" limetokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Wareno walipoijenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa kati ya 1593 na 1596 waliweka kanisa ndani yake, jina la kanisa likawa jina la ngome, na ngome ilipogeuzwa mahali pa kufungia watu, jina likachukua maana tunayoijua leo. Waingereza waliitumia kama jela tangu 1895 hadi 1958, na baadhi ya wazee waliomo ukumbini humu walizaliwa wakati kuta zile bado zina wafungwa. Neno lililotoka kwenye nyumba ya ibada likaishia kwenye nyumba ya adhabu. Nitakaowazungumzia jioni hii ni watu waliotaka kulirudisha lilikotoka, walioamini kwamba adhabu yaweza kumtengeneza mtu, na hasa kumtengeneza mwanamke.

Fikra hiyo si ngeni. Mji wa Amsterdam ulikuwa na nyumba ya kuwafungia wanawake na kuwasokotisha nyuzi tangu 1597. Lakini historia tunayoifahamu zaidi inaanzia London, katika gereza la Newgate, alipoingia mama mmoja wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker aitwaye Elizabeth Fry mwaka 1813. Alikuta wanawake wapatao 300 pamoja na watoto wao wamesongamana katika vyumba vichache, waliohukumiwa na waliokuwa bado wakisubiri kesi wakiwa pamoja, wakipika, wakifua na kulala sakafuni papo hapo. Inasimuliwa kwamba katika ziara zile za mwanzo aliwaona wanawake wawili wakimvua nguo mtoto mchanga aliyekwisha kufa, ili wamvishe mtoto mwingine aliyekuwa hai.

Miaka minne baadaye, mwaka 1817, alirudi na wenzake wakaunda chama cha kuwasaidia wafungwa wanawake. Kuna jambo moja alilolifanya ambalo naliona kubwa kuliko shule na kazi za mikono alizoanzisha. Kabla ya kuweka kanuni zozote aliwakusanya wafungwa, akawasomea kanuni moja moja, na kwa kila moja akawataka wainue mikono kama wanaikubali. Hebu wazieni jambo hilo. Mwanamke ambaye nje ya gereza hakuwa na kura, wala sauti yoyote mbele ya hakimu, aliulizwa ndani ya Newgate kama ameridhika na sheria itakayomtawala. Mwaka 1818 Bi. Fry alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na sheria ya magereza ya 1823 ikaagiza kwamba wanawake walindwe na askari wanawake. Kanuni hiyo ndiyo iliyofika hadi kwetu, na sioni haja ya kuitetea kwa maneno mengi, maana kila mama aliyemo humu anaelewa kwa nini mwanamke hafai kufungiwa mlango usiku na mwanamume mwenye ufunguo.

Chama hicho pia kiliwagawia mafurushi ya vitambaa, sindano na nyuzi wanawake waliokuwa wakipelekwa uhamishoni Australia. Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah ilisafiri kwa zaidi ya miezi mitatu kutoka Uingereza hadi Hobart ikiwa na wafungwa wanawake wapatao 180. Njiani baadhi yao walishona mfarishi mmoja mkubwa wa viraka 2,815, ambao hadi leo umehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa mjini Canberra. Wenzangu mnaodarizi kofia za viua mnajua kazi ya sindano inavyotaka macho, mgongo na subira. Mfarishi ule una maandishi ya kuwashukuru mabibi waliowapa vitambaa. Majina ya walioushona hayamo.

Hapo ndipo shaka yangu inapoanzia, na Marekani inaidhihirisha waziwazi zaidi. Mwaka 1873, katika mji wa Indianapolis, lilifunguliwa gereza la jimbo lililosimama peke yake kwa ajili ya wanawake na kuongozwa na wanawake, baada ya kugundulika kwamba katika gereza la zamani la jimbo hilo wafungwa wanawake walikuwa wakidhalilishwa kimwili na walinzi wanaume. Sababu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Massachusetts ikafuata mwaka 1877, na New York ikafungua nyumba yake ya kuwarekebisha wanawake katika mji wa Hudson mwaka 1887. Badala ya seli zikaja nyumba ndogo ndogo zenye jiko na bustani, na wafungwa wakafundishwa kusoma, kupika, kufua na kufuga kuku, kwa imani kwamba wakitoka watakuwa watumishi wema wa nyumbani au wake wa watu.

Lakini waliopelekwa huko ni nani? Wengi hawakuwa wauaji wala majambazi. Walikuwa wasichana na wanawake vijana waliokamatwa kwa ulevi, kwa umalaya, kwa wizi mdogo, na huko Massachusetts hata kwa ukaidi dhidi ya wazazi. Na kwa kuwa lengo lilikuwa kuwatengeneza, na kutengeneza mtu kunataka muda, kifungo kikarefushwa. Msichana aliyepelekwa Hudson aliweza kuzuiliwa hadi miaka mitano kwa kosa ambalo mwanamume angelilipia kwa siku au miezi michache ya jela. Naomba tulielewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonileta hapa: wema wenyewe ndio uliorefusha kifungo. Aliyefungwa kwa adhabu anaijua siku yake ya kutoka, lakini aliyefungwa ili atengenezwe anatoka pale mwingine atakaporidhika naye. Na wema huo haukumfikia kila mtu, kwani nyumba zile zilijengwa hasa kwa kuwawazia wasichana Wazungu, huku wanawake weusi wengi wakiachwa katika magereza ya kale, na huko kusini wakikodishwa kufanya kazi ngumu mashambani na kwenye njia za reli.

Siwadharau waliofanya kazi hiyo. Miriam Van Waters aliliongoza gereza la wanawake la Massachusetts tangu 1932, akawaita wafungwa wake wanafunzi na kuwaruhusu baadhi yao kwenda kufanya kazi nje. Alifukuzwa Januari 1949, na baada ya kesi yake kusikilizwa hadharani alirudishwa Machi mwaka huohuo. Kumwita mtu mwanafunzi si jambo dogo. Ndugu zetu wa Zanzibar wameandika fikra hiyo mlangoni kabisa, kwani jela kwao rasmi ni Chuo cha Mafunzo.

Kwetu Kenya neno hili la kurekebisha lina kovu. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na Mau Mau, maelfu ya wanawake walizuiliwa katika gereza la Kamiti, na serikali ya kikoloni ikasema wako huko ili warekebishwe, wafundishwe usafi, ushoni na malezi. Eileen Fletcher, Mwingereza aliyeajiriwa katika kazi hiyohiyo ya urekebishaji, aliacha kazi, na mwaka 1956 akachapisha aliyoyaona, wakiwemo wasichana aliosema walikuwa na miaka 11 na 12 wakitumikia kifungo cha maisha.

Leo sheria yetu inamruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake hadi mtoto atimize miaka minne. Tangu 1998 tunayo pia sheria ya huduma kwa jamii, ambayo wengi tunaiita kifungo cha nje, na Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, zinazitaka nchi zifikirie njia kama hiyo kwanza kabla ya kumfungia mwanamke ndani. Kwa hiyo ninapoalikwa kuona gereza lililopakwa rangi, lenye darasa na vyerehani vipya, nafurahi kwa dhati, kisha nauliza: aliyeketi kwenye cherehani hiyo ameletwa na kosa gani, na je, hakukuwa na njia nyingine?

Niliwahi kuuliza hivyo tulipopeleka leso na sabuni katika gereza moja siku chache kabla ya Idi. Mama mmoja alikuwa akishona pindo la shuka, na mshono wake ulikuwa umenyooka kama uzi wa timazi, wala hakuwa akiutazama. Nikamsifu, nikamwambia walimu wamemfundisha vizuri. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, mimi ni fundi tangu usichana wangu." Alikuwa akishona sare za shule barazani kwake Kisauni. Alikamatwa akiwa na tembo la mnazi, akatozwa faini, na faini ikamshinda. Nikamwuliza ile cherehani yake ya nyumbani iko wapi, akaniambia ndugu zake waliiuza wakitafuta pesa za kumtoa, na pesa hazikutosha.