Bakteria Huyu Ametoka Wapi? Kusoma Jenomu za Vimelea Wanaoua Samaki Wetu

Mwenyekiti, wafugaji wa Hombolo, Bahi na Chamwino, maafisa ugani, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie usomaji wa jenomu za bakteria wanaoua samaki wa maji baridi. Nitaanzia bwawani, maana tatizo liko huko.

Ikifika mwezi wa kumi, wa kumi na moja, Dodoma inawaka. Maji ya bwawa yameshuka na yamepata joto, samaki wamebanana, na mashudu ya alizeti yasiyoliwa yanaoza chini kwenye tope. Asubuhi unakuta sato wanaelea. Mmoja macho yamemtoka, mwingine ana wekundu kwenye mashina ya mapezi, mwingine tumbo limejaa maji, na yule ambaye hajafa anaogelea kwa kuzungukazunguka kama amelewa. Mfugaji anakwenda duka la pembejeo, anauziwa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, iliyokusudiwa kuku, anaichanganya na chakula. Wiki inayofuata vifo vimepungua au havijapungua, na hakuna anayeweza kusema kwa nini.

Kwanza tuwekane sawa. Kama samaki wote wanahema juu ya maji alfajiri, kisha jua likipanda wanatulia, hapo oksijeni ndiyo imepungua. Usitafute bakteria, badilisha maji, punguza chakula. Lakini zile dalili nilizotaja zinaweza kuletwa na vimelea tofauti kabisa. Macho kutoka na kuogelea kwa kuzunguka hunifanya nimshuku Streptococcus agalactiae, kwa sababu huingia hadi kwenye ubongo. Wekundu na vidonda hunipeleka kwa Aeromonas hydrophila au Aeromonas veronii. Bado kuna Edwardsiella na Lactococcus, na Flavobacterium anayekula matamvua. Kwa macho matupu hata mtaalamu anakisia tu.

Maabara ya kawaida inaweza kukutajia jina. Unamwotesha bakteria kwenye sahani, unampaka rangi, unamtazama kwa hadubini, unafanya vipimo vichache vya kemia. Kwa matibabu ya siku hiyo, mara nyingi hilo linatosha, na nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: asiyejua kuotesha bakteria safi asikimbilie mashine ya jenomu. Ila jina halikuambii bakteria huyu ni wa ukoo gani na amefikaje bwawani kwako. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Jenomu ni vinasaba vyote vya kiumbe, vilivyoandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Streptococcus agalactiae ana herufi zipatazo milioni 2. Aeromonas hydrophila ana kama milioni 4.7. Jenomu kamili ya kwanza ya bakteria ilichapishwa mwaka 1995, na kazi ile ilihitaji timu kubwa. Leo ipo mashine inayoenea kiganjani, unaichomeka kwenye kompyuta mpakato. Uzi wa vinasaba unapita kwenye tundu dogo mno lenye umeme, na kila kundi la herufi linapopita, mkondo wa umeme unabadilika. Kompyuta inasoma mabadiliko hayo, kisha inaunganisha vipande mpaka jenomu nzima ikamilike. Mashine ya aina hii haihitaji jengo maalumu. Inahitaji umeme wa uhakika, friji la kutunza kemikali, na mtu aliyefunzwa.

Sasa sikilizeni kisa cha Alabama, Marekani. Mwaka 2009 mashamba ya kambale huko yalianza kupoteza samaki kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Kimelea kilikuwa Aeromonas hydrophila, bakteria wa kawaida kabisa, ambaye hata katika maji yetu ya Hombolo sitashangaa kumkuta. Wafugaji walishindwa kuelewa: huyu tumeishi naye miaka yote, imekuwaje leo anamaliza mabwawa? Jenomu ziliposomwa, ikaonekana kwamba huyu alikuwa ukoo mwingine, na ndugu zake wa karibu zaidi walikuwa wametoka kwa samaki wa China. Jina ni lile lile, lakini mgeni.

Kuna sehemu ya kisa hicho ninayoipenda zaidi. Ndani ya jenomu za ukoo ule wataalamu walikuta jeni, yaani vipande vya vinasaba vyenye kazi maalumu, za kutumia sukari moja iitwayo mayo-inositoli, ambazo Aeromonas wengine wengi hawana. Basi maabara ndogo, isiyo na mashine yoyote ya jenomu, ikawa inaweza kuotesha bakteria kwenye sukari hiyo na kujua kama ni yule mbaya au la. Kwa hiyo mkiniuliza kama kila bwawa la Dodoma linahitaji jenomu, nasema hapana. Tunahitaji chache zilizochaguliwa vizuri, zitupe kipimo rahisi ambacho afisa ugani anaweza kukitumia wilayani.

Tuje karibu na kwetu. Ghana, kwenye vizimba vya sato vya Ziwa Volta, walimkuta Streptococcus agalactiae wa aina ya 261, namba ambayo wataalamu hutumia kutaja ukoo wa bakteria, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Aina hiyo ilikwishajulikana kwa samaki wa nje ya Afrika. Bakteria havuki bahari kwa miguu. Husafiri na samaki walio hai, na hasa vifaranga.

Wengi wenu mnaletewa vifaranga kutoka nje ya mkoa, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Mnauliza bei, mnauliza kama ni madume matupu. Nawaomba muulize pia kama shamba lile limekuwa na vifo. Kifaranga anayeonekana mzima anaweza kuwa amebeba ugonjwa, na maji mnayoyatoa bwawani yanaingia korongoni. Huku kwetu makorongo mengi yanaishia bwawa la Hombolo, na kusini yanashuka kuelekea bwawa la Mtera, ambako familia nyingi zinaishi kwa perege na kambale wa kuvua.

Upande wa dawa, jenomu huonyesha jeni za usugu, yaani zinazomfanya bakteria asidhuriwe na dawa. Aeromonas hubeba jeni za kuishinda tetrasaiklini, mara nyingi kwenye plasmidi, yaani kiduara kidogo cha vinasaba anachoweza kumpa bakteria wa aina nyingine. Mnaorutubisha bwawa kwa samadi ya kuku waliokuwa wakinywa dawa, hapo ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa. Hata hivyo jeni kuwepo si lazima ifanye kazi, hivyo kipimo cha kuweka vidonge vya dawa kwenye sahani yenye bakteria, tuone kama dawa inawazuia, tunaendelea nacho.

Yote haya yanategemea sampuli. Usiniletee samaki aliyekufa jana. Ndani yake Aeromonas wa majini wamekwisha kujaa, tutasoma jenomu ya mlaji wa mzoga na kupoteza pesa. Lete anayekaribia kufa, kwenye mfuko safi, ndani ya kasha la barafu, siku hiyo hiyo. Sisi tutampasua, tuondoe utumbo na boya lake la hewa, tufike kwenye figo, ule utepe mwekundu mweusi uliolala chini ya uti wa mgongo, tuchome juu kwa kisu cha moto kisha tuchovye sindano ndani. Ubongo pia tutauchukua. Vaeni glavu mnapowashika, hasa mwenye kidonda mkononi, maana Aeromonas na Streptococcus hawa humpata hata binadamu.

Juu ya mfuko andikeni tarehe, kijiji, joto la maji, dawa mliyokwisha kutumia, na vifaranga vilinunuliwa wapi. Fomu ziko mezani hapo mlangoni, na maafisa ugani wawili watabaki kuwasaidia kuzijaza.