Fungua kesi ya injini kwanza: mhadhara kuhusu kufufua pikipiki ya zamani, BSA Bantam

Haya jamani tukae, waliosimama nyuma viti vipo huku mbele. Wengi wenu mmeshanisikia nikiyasema haya na najua wengine mmeshachoka nayo, ila nitayasema tena kwa sababu haipiti wiki mtu hajanitumia picha ya tangi. Tangi limepakwa ile kijani ya D1, Bantam ya kwanza kabisa, paneli za rangi ya maziwa, mistari imenyooka kweli, alafu chini kaandika "mzee unaionaje?" Namjibu swali moja tu, kesi ya injini umefungua? Kimya. Baadae inakuja picha ingine, sasa ni rimu zimepigwa kromu.

Kwa iyo leo tunaongea kesi ya kranki, yani lile ganda la chini la injini linalobeba kranki, shafti inayozungushwa na pistoni. Historia sikai nayo, mnaijua, pikipiki ya Kijerumani DKW RT125 ya 1939 kule Zschopau, Ujerumani ikashindwa vita, michoro ikachukuliwa kama fidia, kiwanda cha BSA hapa Uingereza wakaitoa ya kwao 1948 wakiwa wameigeuza kushoto kulia ili gia na kiki vikae upande waliouzoea Waingereza. Injini zilitengenezwa Redditch, pikipiki inakamilishwa hapa hapa Birmingham, mtaa wa Small Heath. Warusi wakatoa yao, Harley-Davidson wakatoa yao, na Yamaha pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, waliiga hiyo hiyo RT125. Wale mliokulia nyumbani mkiona mabwana shamba na Yamaha AG100 zao za tu-stroki, injini zinazochoma oili pamoja na petroli, mlio ule mnaujua na harufu ile mnaijua, mtu asikutishe kwamba hii ni mambo ya wazee wa Kizungu tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye injini ya foo-stroki, kama ya magari ya kawaida, kesi ya chini inabeba kranki na oili, ikivuja kidogo utaweka karatasi chini usiku na maisha yanaendelea. Kwenye tu-stroki kesi ya chini ni pampu. Pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli toka kwenye kabureta inaingia kule chini, ikishuka inabana ule mchanganyiko inausukuma juu kwenye silinda kupitia njia za pembeni. Ndo kazi yote hiyo. Na pampu ya baiskeli ikiwa na ngozi iliyokauka unajua inakuwaje, unasukuma mpaka mikono inauma na tairi halijai. Kinachofanya kesi ya Bantam iwe pampu ni zile sili, miduara ya mpira ya kuzuia hewa na oili isipite, pande mbili za kranki. Sili za bei ya chakula cha mchana! Na watu wanatumia mamia ya pauni kwenye kromu wakati sili zimekaa humo tangu enzi za baba zao.

Kuna jamaa yetu, yuko Coventry, jina nalihifadhi, alinunua D7, Bantam ya baadae, mnadani. Imeandikwa "imefanyiwa ukarabati kamili". Kwa macho ilikuwa imekamilika kweli, nilikwenda kuiona, siti mpya, spoki mpya, tangi unajiona uso. Ikiwa baridi inawaka kiki ya kwanza. Anaendesha, ikishapata moto inaanza kukosa nguvu, anasimama kwenye taa inazima, na ikizima haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Akauliza watu. Wa kwanza akamwambia tatizo ni kondensa ya umeme wa cheche, akabadili kondensa. Mwingine koili, akabadili koili. Plagi amebadili mpaka dukani wanamjua kwa jina. Akanunua kabureta mpya kabisa ya Amal, ghali, haikusaidia kitu. Na moshi huo, majirani wanafunga madirisha, na yeye anasema tu-stroki ndo zilivyo, zinatoa moshi.

Siku naenda sikugusa spana. Nikamuuliza, oili ya giaboksi unaiongeza? Akasema ndio, inapungua pungua, naongeza kila mara. Inavuja chini? Hapana, sakafu kavu. Sasa ndugu zangu, oili inapungua, haivuji chini, inaenda wapi? Inachomwa! Sili ya upande wa klachi imekwisha, kila pistoni ikipanda inavuta oili ya giaboksi inaipeleka kwenye silinda, ndo ule moshi, ndo zile plagi zinazolowa. Na pistoni ikishuka mgandamizo unatorokea huko huko kwenye giaboksi, ndo maana ikipata moto haina nguvu ya kuwaka.

Nikamwambia lete tochi. Nikamuonyesha skrubu za kesi, zile za vichwa vya mviringo vyenye mfereji mmoja. Ile mifereji ilikuwa imejaa rangi ya fedha ya kupuliza. Rangi nzima, haina mkwaruzo. Bisibisi haijawahi kuingia pale toka rangi ipulizwe na aliyepuliza hakufungua kitu, alisafisha nje akapuliza. Huo ndo "ukarabati kamili" aliouziwa. Tulipoipasua ile kesi sili ya upande wa klachi ilitoka vipande vipande, mdomo wake umekauka, unaubinya kwa kucha unakatika, na ule mduara wa springi ulikuwa umeshalala peke yake chini ya kesi kwenye tope la oili. Upande wa magneto, mtambo wa kutengeneza umeme wa cheche, sili ilikuwa bado inashikilia, na hapo alikuwa na bahati kubwa, kwa sababu upande ule ukifa hauoni moshi wala dalili. Inavuta hewa kavu. Petroli inakuwa chache kuliko hewa, silinda inachemka, na siku moja uko kwenye mlima, injini inakaba, tairi la nyuma linafunga, au unakuta pistoni imetoboka katikati. Watu wanasema pistoni feki. Pistoni haina kosa!

Najua kuna mtu hapa moyoni anasema mimi naongeza oili kwenye petroli, naweka nyingi, iko salama. Huyu simuachi apite. Kitabu cha enzi za D1 kinasema sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli, yani mililita 50 kwa lita, na ile ilikuwa oili ya kawaida ya injini ya miaka ile. Oili ya tu-stroki ya leo ni nzuri zaidi, wengi wetu tunaweka 1 kwa 25 na wengine 1 kwa 32 na mashine zinaishi. Ukizidisha oili, jeti ya kabureta tundu lake ni lile lile, kinachopita pale sasa ni oili zaidi na petroli pungufu. Umeipunguzia petroli injini ambayo tayari inavuta hewa kwenye sili. Unaizika mapema huku unadhani unaihurumia.

Mwingine anasema sitaki kufungua kama haina tatizo. Sawa kabisa, usifungue kwa kubahatisha, pima. Kupima hakuhitaji kiwanda. Tafuta ile mashine ya kupimia presha ya damu, ya zamani yenye mpira wa kubinya kwa mkono na saa ya mshale. Mshale wake unaishia 300, na 300 ile ni kama baa 0.4 za presha, kiasi tunachotaka hasa, ukizidisha hapo unaweza kusukuma sili nje ya nyumba yake. Chukua plagi ya zamani, itoe kauri ya ndani, gundisha kipande cha bomba la mpira, hapo una kiungo. Ekzosi toa, ziba tundu kwa kipande cha mpira na bati, kabureta toa ziba vile vile. Pistoni ishushe mpaka chini kabisa ili njia za pembeni ziwe wazi, funga kiungo chako kwenye tundu la plagi, binya mpaka 300, alafu kaa uangalie. Mshale ukishuka taratibu kwa dakika kadhaa, una injini. Ukianguka mbele ya macho yako, chukua maji ya sabuni, paka kwenye maungio ya kesi, chini ya silinda, nyuma ya magneto, povu litakuonyesha. Upande wa klachi fungua kizibo cha oili ya giaboksi weka sikio, kama sili imekufa utasikia hewa inapumua mle. Dada pale anacheka, ila ndo kipimo bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia na kinafanyika juu ya meza ya bandani.

Kikishakwambia fungua, fungua kwa adabu. Spana zenu za milimita ziacheni ndani ya boksi. Spana ya Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, ya bolti ya robo inchi mdomo wake ni milimita 13.3 hivi, kwa iyo 13 haiingii, 14 inaingia inakula kona za nati, na nati ikishaliwa kona jioni yako imeisha. Nunueni seti ya spana za Kiingereza za mitumba, zimejaa kila mnada. Skrubu za kesi tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, joto kidogo kwanza. Na naomba, naomba sana, mtu asiingize bisibisi kati ya nusu mbili za kesi kuzitanua. Ile sura zinapokutana ni alumini, ukiichuna umejitengenezea tundu jipya la hewa pale pale unapotibu tundu la zamani. Nusu hazitaki kuachana ujue kuna skrubu umeisahau, au hazijapata joto. Pasha kesi mpaka nyuzi 100 hivi, alumini inatanuka kuliko chuma, beringi inadondoka yenyewe kwa uzito wake. Ukiona unahitaji nyundo kubwa, rudisha kwenye joto.

Sili mpya chukueni za vaitoni, mpira unaostahimili petroli, ile ya rangi ya kahawia kwa kawaida, sio zile nyeusi za zamani zilizokaa stoo miaka ishirini ndani ya karatasi yake ya asili na mtu anakuuzia kwa sifa kwamba ni "orijino". Mpira unazeeka hata ndani ya karatasi. Na kuna sababu ya pili, petroli ya kawaida hapa Uingereza toka Septemba 2021 ni E10, ina ethanoli mpaka asilimia 10, ethanoli inavuta maji na inakula mipira ya zamani. Wekeni ile ya supa yenye E5, na msiache petroli kwenye tangi msimu mzima wa baridi, mwageni. Kabla hujasukuma sili, pitisha kidole kwenye shafti pale mdomo unapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya haitasaidia, peleka kwa fundi wa kerezo. Kranki ya Bantam imeshindiliwa kwa presi, kuipanga inyooke ni kazi ya mtu mwenye vipimo, mlipe, usiigonge bandani.

Muda umenikimbia, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Umeme nauongelea haraka: magneto ya Wipac mwanya wa pointi, zile zinazokata umeme ili cheche itoke, ni 0.015 ya inchi, pima kwa kipimo usikadirie kwa karatasi ya sigara, na ukitoa flaiwili ya sumaku weka kipande cha chuma kwenye sumaku zake zisilegee. Breki za D1 ni ndogo na zitabaki ndogo, ukizipanga vizuri zinatosha kwa mwendo wa pikipiki ya 123cc, usinunue zile dawa za kwenye chupa. Ekzosi, masizi yanaziba, ukiisafisha kwa kostiki soda hakikisha hakuna kipande cha alumini ndani yake, kostiki inaila yote. Rangi mnaijua kuliko mimi.

La mwisho, makaratasi, na hili linawaumiza wengi. Pikipiki iliyopita miaka 40 hapa inasamehewa kodi ya barabara, na MOT, ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, pia kama haijabadilishwa sana, ila namba ya fremu lazima isomeke na ilingane na kitabu cha usajili. Namba iko kwenye shingo ya fremu, imegongwa kwa mkono, haina kina. Mnapeleka fremu kupigwa mchanga alafu inapakwa rangi ya unga, nene, na ile namba inapotea chini yake. Kabla fremu haijatoka bandani weka karatasi juu ya namba, pitisha penseli, piga na picha, na mwambie mpakaji azibe pale kwa utepe. Namba ya injini fanya vile vile.

Aliyekuwa anauliza kuhusu ringi za pistoni na oversaizi, zile kubwa kuliko za asili, abaki hapa na mimi, silinda ninayo kwenye mfuko na tutaipima sasa hivi. Wengine chai iko nyuma.