Kevo wa Nairobi, Kevin wa Berlin

Nianze kwa kuomba mikono. Nani humu ana kaka, binamu au jirani anayeitwa Kevin? Naam, karibu nusu ya ukumbi. Shusheni, asanteni. Na nani amewahi kumcheka kwa sababu ya jina hilo? Hakuna hata mmoja. Vema.

Asili ya jina hili ni Ireland, ambako huandikwa Caoimhín, na aliyelipa sifa ni mtakatifu mmoja wa bonde la Glendalough. Mwaka 1991 ndilo lililoongoza kwa wavulana waliozaliwa Ujerumani, na Ufaransa pia. Ndio wakati ule ule wa filamu ya Home Alone, yule mtoto Kevin aliyesahauliwa nyumbani watu walipokwenda kula Krismasi. Mnamkumbuka.

Watoto wale wakakua, wakaingia shule. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg. Walimu wa shule za msingi waliulizwa: ukilisikia jina tu, unamwona mtoto wa namna gani? Kwa Kevin, Justin, Chantal na Mandy wakaona utundu na uzito wa kuelewa. Kwa Marie, Sophie, Jakob na Alexander wakaona adabu na akili. Mwalimu mmoja akaandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliokwisha kupimwa. Wajerumani wamelitungia na neno, Kevinismus. Sisi tungesema ukevini.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mtege sikio. Jakob ni Kiebrania. Marie vilevile. Sophie na Alexander ni Kigiriki. Hakuna hata moja lililoota Ujerumani! Kwa hiyo ugeni haukuwa kosa. Walichokisikia wale walimu ni mtaa: nyumba isiyo na vitabu, televisheni inayowaka kutwa. Jina la mtoto likasomwa kama anwani ya wazazi wake. Ufaransa nako, mwaka 2022 walipochaguliwa wabunge wawili wanaoitwa Kévin, magazeti yaliona hiyo ni habari.

Tusiwacheke sana. Sisi tuna Athumani, Selemani, Yohana na Mariamu, na nani anakumbuka kuwa hawa walikuja kwa jahazi na kwa misheni? Juma mwenyewe ni siku ya Kiarabu. Ulimi umewatafuna mpaka wamekuwa wenyeji. Lakini mpeleke mtoto aitwaye Shida, Sikujua au Chausiku kwenye shule ya kulipia mjini, uone. Brighton na Precious wanaitwa kwenye rejista, darasa kimya. Anaitwa Chausiku, aliyezaliwa usiku, jina ambalo kila mmoja pale analielewa bila kamusi, na kicheko kinaanzia dawati la nyuma. Kwetu mgeni anapita, mwenyeji ndiye anayesimamishwa mlangoni. Mimi hilo linaniuma kuliko ukevini wote wa Ulaya, kwa sababu tunajua maana na bado tunacheka. Au tunacheka kwa sababu tunaijua, maana tumesikia shamba ndani yake.

Turudi kwa Kevin. Alipofika Nairobi vijana walimkata mkia, wakambandika o, akawa Kevo, mwenzake Stevo. Basi. Siku Kevo atakapopata nafasi ya kusoma Berlin, atajitambulisha mbele ya darasa kwa jina lake kamili, kwa fahari, na hataelewa kwa nini wenzake wanatazamana.