Mchezo wa Video katika Mazoezi ya Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Wataalamu wenzangu wa tiba ya viungo, na wazazi mliofika kutusikiliza,

Mwaka 2008 Judith Deutsch na wenzake, nchini Marekani, walichapisha habari za kijana wa miaka 13 mwenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema hata ukashindwa kuiongoza misuli vizuri), ambaye kwa vipindi 11 alifanyishwa mazoezi kwa Wii, mashine ya michezo ya video, akicheza ndondi na tenisi mbele ya televisheni. Udhibiti wa mkao wake na mwendo wake viliimarika. Mgonjwa mmoja hathibitishi tiba, lakini mashine iliyoingia madukani mwaka 2006 kama kitu cha kuchezea ilikuwa imeanza kazi nyingine.

Tunachokitafuta katika mashine hiyo ni marudio. Ubongo uliojeruhiwa mapema hujifunza njia nyingine za kuuamuru mkono au mguu, na kujifunza huko hudai tendo lirudiwe mara nyingi mno. Mwambie mtoto wa miaka sita ainue mkono mara 50, naye kabla ya kufika 12 atakuuliza mama yake yuko wapi. Mpe mpira wa kupiga kwenye skrini, atazipita 50 bila kuhesabu.

Tatizo ni kwamba mashine hutoa pointi bila kujali mwili umezipataje. Rimoti ya Wii hupima mtikisiko wa mkono unaoishika, kwa hiyo mtoto hugundua upesi kwamba, akiwa ameketi na kuzungusha kiwiko kidogo tu, anaweza kumshinda mtu mzima aliyesimama akirusha mkono wote. (Nimeshindwa hivyo, na si mara moja.) Mwenye udhaifu wa upande mmoja huihamishia rimoti kwenye mkono wenye nguvu, na ule tuliokusudia kuufundisha unabaki pajani. Tusimlaumu: yeye anacheza, mazoezi ni shauri letu.

Basi tupange kabla ya kuwasha. Rimoti ifungwe kwa kitambaa kwenye mkono dhaifu, kiti kiondolewe ikiwa shabaha ni kusimama, na daftarini tuandike mkono ulifika wapi badala ya pointi. Bega likipanda hadi sikioni, au misuli ikizidi kukaza kwa msisimko, tuzime hata kama anaongoza. Kisha, kabla hajaondoka, mkono uleule uliokuwa ukipiga mpira upewe kikombe chenye maji, anywe.