Fataki za Moshi

(Mhadhara mbele ya walimu wa historia na wenyeji, Moshi)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Kabla sijasema lolote naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono, kianzie kwa mama aliyekaa pale mbele. Ni ganda la risasi. Babu mzaa mama alikuwa akitilia ugoro humo, ndiyo maana mdomoni lina kizibo cha mti. Likikufikia, ligeuze utazame kitako. Katikati kuna kiduara kama punje ya mtama iliyobonyezwa. Hiyo ndiyo fataki. Juu ya fataki kuna vishimo viwili vimekaribiana. Kwa kawaida bunduki huacha kishimo kimoja. Tutafika huko.

Niliombwa nizungumzie vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopita hapa kwetu. Najua mnachosubiri: Tanga, na nyuki waliowakimbiza Waingereza mpaka baharini. Kila mhadhara wa vita hivi una nyuki wake. Leo sina nyuki. Nina hesabu ya risasi, na nina kazi iliyofanyika hapa hapa Moshi mwaka 1915, ambayo kwa maoni yangu ilivirefusha vita vile kuliko ushujaa wowote tunaowasomesha watoto.

Sisi kitu kizima tunakiita risasi, na hapo ndipo tunapojichanganya, maana kitu kizima ni vitu vinne. Kuna ganda la shaba hilo mnalopitisha. Ndani yake kuna baruti. Mdomoni kuna risasi yenyewe, ile inayoruka. Kitakoni kuna fataki. Pini ya bunduki huigonga fataki, fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, baruti huisukuma risasi itoke. Fataki ikifa, vitatu vilivyobaki ni uzito mkandani tu.

Koloni la Wajerumani halikuwa na kiwanda cha vitu hivi. Risasi zilikuja kwa meli. Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Uingereza zikaifunga pwani, na tangu hapo risasi ikipigwa imekwenda, hakuna mwenzake anayekuja nyuma. Kweli Novemba mwaka ule walipata bahati pale Tanga: Waingereza waliporudi melini waliacha bunduki kwa mamia, bombomu kadhaa, yaani bunduki za rashasha, na zaidi ya risasi nusu milioni. Lakini bahati si ghala.

Uhaba ulionekana waziwazi Jasini, mpakani kaskazini ya Tanga, tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani walishinda. Boma la Waingereza likaanguka, waliokuwamo wakajisalimisha. Kisha kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akakaa chini kupiga hesabu: kwa siku mbili zimekwenda risasi 200,000. Kwa akiba aliyokuwa nayo, mapambano ya namna ile angeyaweza mara tatu zaidi, basi. Jamani, fikirieni kushinda halafu ukagundua kwamba ushindi umebaki wa mara tatu. Ndipo akaacha mapigano makubwa, akaanza kutuma vikosi vidogo kwenye reli ya Uganda, ile ya Waingereza iliyotoka Mombasa, watu wachache wenye risasi za kuhesabu na baruti ya kulipulia reli.

Na hizo zilizokuwapo hazikuwa za aina moja. Kampuni nyingi za askari ziliingia vitani na bunduki ya mwaka 1871. Ganda la babu ni la bunduki hiyo. Mdomo wake mpana unaingiza ncha ya kidole cha mwisho, ndiyo maana lilifaa ugoro. Baruti yake ni nyeusi na hutoa moshi mzito. Piga mara moja, adui anaona wingu na anajua ulipolala. Kampuni nyingine zilikuwa na Mauser mpya zisizotoa moshi, na baada ya Tanga zikaongezeka bunduki za Kiingereza. Mitutu ya vipimo vitatu. Sanduku la risasi likipelekwa kwa kampuni isiyo yake ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba ya jirani.

Ndipo ikaja Rubens.

Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani wakaibandika jina la Kidenmark, Kronborg, wakaweka mabaharia wanaosema Kidenmark, na nahodha Carl Christiansen akaizungusha kaskazini ya Uingereza, akateremka Atlantiki, akapita Rasi ya Tumaini Jema. Ilibeba makaa ya kuilisha manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi kwa mamilioni. Tarehe 14 Aprili 1915, karibu na Tanga, manowari ya Uingereza Hyacinth ikaiona. Christiansen akakimbilia ghuba ya Manza, akaipeleka mpaka maji mafupi. Mizinga ikapigwa, juu ya meli moto ukawaka, chini maji yakajaa. Waingereza wakatazama ule moshi, wakaridhika, wakaenda zao.

Moto ulikuwa juu, shehena ilikuwa chini. Bahari iliyoizamisha meli ndiyo iliyouzuia moto usiifikie mizigo. Waingereza walipokwisha kupa kisogo, wapiga mbizi wakaanza kuitoa.

Sasa hapa naomba mnivumilie, maana wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo: risasi zimeokolewa, Wajerumani wamefurahi, ukurasa ufuatao. Lakini risasi iliyolala katika maji ya bahari haijaokoka kwa sababu umeianika. Ukiipiga siku ile inaweza kulia. Chumvi haina haraka. Iliendelea kula ndani, baruti na fataki zikaharibika siku hadi siku, na risasi zilizogoma zikazidi. Askari anafyatua, anasikia ‘ta’, kimya. Na adui naye amesikia ile ‘ta’.

Basi uamuzi ukatoka: zifunguliwe zote. Kazi ikaletwa Moshi Mpya, yaani mji huu huu tuliokaa, uliokua penye stesheni ya reli ya kutoka Tanga. Moshi ya zamani iko kule juu mlimani. Kamanda mwenyewe aliandika baada ya vita kwamba askari na wapagazi wote waliopatikana walikaa kwenye kazi hiyo asubuhi mpaka jioni, kwa miezi. Ione kazi yenyewe. Unashika risasi moja, unaing’oa kichwa. Unamimina baruti, inasafishwa. Unatazama fataki. Ikiwa imekufa, inatolewa na kutiwa nyingine, na kutoa fataki ni kuchezea kitu ambacho kimetengenezwa kilipuke kikiguswa vibaya. Kisha baruti irudi, kichwa kirudi, ganda lifungwe. Hiyo ni moja. Bado mamia ya maelfu.

Fataki za kubadilishia zilikuwapo koloni, ila za muundo mwingine. Fundi yeyote hapa anajua maana yake. Spea si ya gari lako, lakini gari lazima liende Arusha leo.

Na mfanyaji ni nani? Ni mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa na mzigo wa ratili sitini kichwani, hakuwahi kuiona baruti ila ikilipuka mbali, na leo ameketishwa kivulini anaambiwa asimwage hata chembe.

Hata hivyo hazikupona zote sawa, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Walizijaribu, wakazichambua kama mama anavyochambua mchele. Zile ambazo maji hayakuzigusa ziliwekwa kando kwa ajili ya bombomu peke yake. Zile zilizotengenezwa upya, ambazo katika tano hugoma moja, hizo ndizo risasi za vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zikapelekwa kwenye mazoezi ya shabaha.

Mtauliza, mwanajeshi gani anakwenda vitani na risasi zinazogoma moja katika tano? Na kwa nini bombomu ipendelewe? Bombomu ya Maxim hujiendesha kwa nguvu ya risasi yake yenyewe. Risasi ikilia, kishindo chake kinairudisha mitambo nyuma, ganda linatupwa, nyingine inaingia. Ikigoma, mnyororo umekatika. Bunduki imenyamaza mpaka mtu aifungue kwa mkono, na bombomu iliyonyamaza katikati ya shambulio ni chuma cha kufia. Bunduki ya mkono haitegemei hilo. Risasi ikigoma, askari anavuta komeo, anaitupa, anatia nyingine. Amepoteza pumzi mbili tatu. Kwa hiyo dosari ile ile ni msiba pale, na huku ni kero. Aliyeyagawa mafungu yale alijua hivyo. Wengi wetu tukipungukiwa huhesabu tunazo ngapi. Pale Moshi waliuliza pia ipi ikae wapi.

Askari mwenye ganda hili la babu hakuwa na ya kutupa. Tazameni vishimo. Alifyatua, fataki ikagoma. Hakuitoa. Akainua komeo, akalifunga tena ili pini ijirudishe, akaigonga fataki ile ile mara ya pili, pembeni kidogo. Ganda ni tupu, kwa hiyo mara ya pili ililia, na ule moshi mzito ukapanda juu ya kichwa chake. Kati ya kishimo cha kwanza na cha pili sijui alisoma dua gani. (Kicheko.)

Uhaba ule haukuwa wa risasi tu, ila mengine nitayapita mbio. Kwinini ilitengenezwa kwa magome ya mkwinini, nayo kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara kilikuwa na mkono katika vitu vingi vya kubuni. Königsberg ilipozamishwa Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ikatolewa, ikavishwa magurudumu katika karakana ya reli ya Dar es Salaam, ikavutwa na watu nchi nzima. Mmoja mnaweza kuuona Fort Jesus, Mombasa. Na Tabora, mwaka 1916, maganda yakapata kazi ambayo hata babu na ugoro wake hakuifikiria: shaba yake ikapigwa chapa ikawa heller, senti za Mjerumani. Mtu analipwa kwa risasi iliyokwisha kupigwa.

Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi, lakini karakana ya fataki ilikuwa imekwisha kutenda kazi yake. Mwezi ule ule meli ya pili, Marie, ikateleza mpaka ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikashusha mizinga na risasi, safari hii zikiwa kavu. Vita vikaenda miaka miwili na nusu zaidi.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Jina la nahodha Christiansen tunalo. La kamanda tunalo, na huko kwao lilipewa mitaa na kambi. Wale waliokaa hapa mjini kwa miezi wakichokonoa chumvi kwenye fataki wametajwa kwa neno moja, wapagazi, basi. Na risasi walizozifufua ndizo zilizowarudisha barabarani na mzigo kichwani. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Mkienda Dar es Salaam mkashuka Kariakoo kununua vitambaa, kumbukeni jina lile limetoka kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Mwingereza.

Mwisho wa hesabu ulikuja hivi. Oktoba 1917, baada ya mapigano ya Mahiwa, risasi zisizo na moshi zilikuwa karibu kwisha. Novemba, Ujerumani ikatuma meli ya angani, L 59, kutoka Jamboli, Bulgaria, yenye tani 15 za vifaa. Ikafika usawa wa Khartoum, ikaitwa kwa simu ya upepo irudi. Siku mbili tu baadaye, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma, akaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, akapata risasi 250,000 pamoja na bunduki zake. Tangu hapo hakurekebisha tena. Alichukua za watu.

Alipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wenziwe huko Ulaya wakiwa wameacha vita wiki mbili nyuma, walihesabu bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Bombomu zilikuwa 37, saba tu ndizo za Kijerumani. Risasi zilibaki 208,000. Ni zaidi kidogo ya zile alizozimaliza Jasini kwa siku mbili.

Nasikia mtu anapiga chafya kule nyuma. Mzee wangu, nilisahau kusema: kizibo hakifunguliwi. Babu alikufa 1983, ila ugoro wake bado umo. Karibuni maswali.